Likizo ya Koo

Ipo nchi fulani, jina lake tusilitaje, maana kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati tangu mwaka ule wa mafuriko. Ni nchi nzuri. Ina mlima, ina mto, ina bendera, na ina Idara ya Ulinganisho, ambayo nchi jirani hazina na zinaionea wivu, kwa mujibu wa gazeti la serikali.

Katika idara hiyo alifanya kazi Bwana Makwega Sefu, Afisa Mlinganishi Daraja la Pili, mtu mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuwa amechoka. Si kwamba alikosa usingizi, alilala vizuri tu. Alichoka kwa kuwa alikuwa amelinganisha vitu kwa miaka thelathini na mmoja. Alikwisha kulinganisha mbolea na mbolea, daraja na daraja, katiba ya zamani na katiba mpya, na mwaka mmoja alipewa alinganishe mvua za masika na hotuba ya Mkuu wa Nchi, ionekane kipi kilifaidisha mazao zaidi. Hotuba ilishinda kwa alama nyingi. Yeye mwenyewe ndiye aliyezijaza.

Kazi yenyewe si ngumu kwa anayeijua. Ipo Fomu ya Ulinganisho, karatasi ndefu yenye safu mbili, ya kushoto na ya kulia. Tangu nchi ipate uhuru, kitu kinachotakiwa kishinde huandikwa safu ya kulia. Hakuna sheria iliyosema hivyo, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuivunja. Kwa hiyo afisa hodari haanzi kwa kuchunguza. Huanza kwa kujua nani akae kulia, na hilo hulijua kwa kusoma barua ya maagizo kutoka juu: kilichotajwa kwanza ndicho kinachopendwa. Baada ya hapo uchunguzi huenda haraka sana.

Sasa, nchi hiyo ilikuwa na mashindano mawili ya kuimba kwenye televisheni. Ya kwanza yaliitwa Sauti ya Nchi, na mlezi wake alikuwa Mheshimiwa Mkuu wa Nchi. Ya pili yaliitwa Koo la Dhahabu, na mlezi wake alikuwa Mama Mkuu, yaani mkewe. Yote mawili yalirushwa Jumamosi saa kumi jioni, dakika ile ile, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia mmoja wao asogee. Wenyewe, yasemekana, waliangalia katika vyumba viwili vya Ikulu vinavyotenganishwa na ukuta mmoja, na kila mmoja aliongeza sauti ya televisheni yake mpaka walinzi wa getini wakawa wanapata yote mawili kwa pamoja.

Waliopata tabu ni wananchi wenye televisheni moja. Balozi wa nyumba kumi alipita na daftari kuandika nani anaangalia nini, na wiki moja daftari lilitakiwa na ofisi ya Mheshimiwa, wiki nyingine na ofisi ya Mama. Familia nyingi zikaamua kuzima televisheni kabisa, zikawa zinapiga makofi dirishani kila baada ya dakika tano, bila kusema zinampigia nani.

Pengine mambo yangeendelea hivyo miaka mingi, lakini mtambo wa umeme ukachoka. Mhandisi akatoa taarifa kwamba umeme uliobaki unatosha shindano moja tu kila Jumamosi. Mhandisi huyo alihamishiwa kisiwani, lakini umeme haukuongezeka.

*

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Nguluma, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimwita Makwega ofisini kwake asubuhi ya Jumatatu.

“Mzee Makwega, karibu, kaa. Soma hii barua uniambie kilichotajwa kwanza ni kipi.”

Makwega akaichukua, akaisogeza dirishani, akaigeuza juu chini. Majina ya mashindano yote mawili yalikuwa yamepigwa chapa mahali pamoja, moja juu ya jingine, yakawa doa jeusi la wino lenye urefu wa kidole.

“Hakuna cha kwanza, bosi.”

“Nami nimeona hivyo hivyo. Nimeipeleka hata kwa yule mtaalamu wa maabara ya polisi. Anasema hawezi kuapa.”

“Tuwapigie juu tuwaulize?”

“Nimepiga. Wanasema Mheshimiwa atafuata sayansi. Nikauliza, jamani, sayansi inaelekea wapi? Wakaniambia Mheshimiwa yuko mezani na Mama, wanakula.” Mkurugenzi akajifuta jasho shingoni. “Kwa hiyo safari hii, kaka, itabidi tulinganishe kweli.”

Makwega akairudisha barua mezani. Hakuwa na hakika kama bado alijua namna jambo hilo linavyofanywa.

“Kuna kitu kimoja lazima nikwambie,” akasema. “Binti yangu Mwajabu yumo kwenye Koo la Dhahabu.”

“Nani hana mtu wake mahali? Mke wangu ana mpwa wake kule Sauti ya Nchi. Hana sauti, hana pumzi, lakini yumo. Wewe jaza fomu. Ijumaa niwe nayo mezani.”

Sasa inafaa msomaji ajue kwa nini Makwega alitoka mle ofisini akishikilia ukuta. Iko sheria katika nchi hiyo, inaitwa Sheria ya Utulivu wa Sauti. Inasema kwamba vikundi viwili vya muziki vikilinganishwa, wale wa kikundi kilichoshindwa hupewa likizo ya koo ya miaka kumi, kwa faida ya afya zao. Mtu aliye kwenye likizo ya koo haruhusiwi kuimba wala kupiga ala harusini, wala msikitini, wala kanisani, wala shambani, wala bafuni. Akifiwa anaruhusiwa kulia, mradi kilio kisiwe na mpangilio. Akikamatwa anaimba, likizo huanza upya.

Makwega aliijua sheria hiyo kwa karibu. Miaka miwili nyuma alikuwa amelinganisha bendi ya polisi na bendi ya magereza, na magereza wakaangukia kushoto. Mpaka leo bendi ile hupita kwenye gwaride la uhuru mikono ikishika vyombo ambavyo havipo, mashavu yamejazwa upepo, kimya. Mpiga tarumbeta wao, Sajini Chilumba, alikaa mtaa mmoja na Makwega, na kila asubuhi walikutana kwenye kibanda cha maziwa. “Shikamoo mzee,” Chilumba husema, kwa heshima zote, na humwachia Makwega atangulie kununua. Angemtukana ingekuwa nafuu.

*

Mwajabu alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi cherehani, na hakuwa na siasa yoyote. Aliingia Koo la Dhahabu kwa sababu siku moja alitoka kununua vifungo akaona foleni, na katika nchi hiyo mtu akiona foleni hujipanga kwanza, huuliza baadaye. Alidhani ni sukari. Alipofika mbele akaambiwa aimbe. Akaimba. Sasa alikuwa mmoja wa ishirini waliobaki, na upande wa pili walikuwapo ishirini wengine, na nchi nzima iliwajua wote arobaini kwa majina, ingawa iliogopa kuwataja.

Jioni ile wakati wa chakula Makwega aliwaeleza mkewe na binti yake habari ya barua. Alieleza polepole, akiumega ugali bila kuula. Mama Mwajabu alimsikiliza mpaka mwisho.

“Sasa unafikiri nini?” akauliza. “Mweke mtoto kulia.”

“Si rahisi hivyo.”

“Kipi si rahisi? Miaka yote umewaweka kulia watu usiowajua hata sura. Mwanao wa kumzaa ndiye anakushinda?”

“Nikimweka kulia, wale ishirini wa upande wa pili wananyamazishwa. Miaka kumi, Mama Mwajabu. Kwa mkono wangu.”

“Na ukimweka kushoto ananyamazishwa huyu hapa. Kwa mkono huo huo.”

Makwega akanywa maji. Mwajabu alikuwa akichambua mifupa ya samaki.

“Baba,” akasema, “kule kwao yuko Lukasi. Umeshamsikia?”

“Lukasi yupi?”

“Yule mfyatua matofali. Kabla hujaandika chochote, nenda ukamsikilize.”

“Wewe mtoto una akili kweli?” mama yake akamaka. “Unampigia debe mpinzani wako?”

“Simpigii debe, mama. Nasema amsikilize tu. Si wamesema alinganishe kweli?”

*

Jumanne Makwega alikwenda kwenye mazoezi ya Sauti ya Nchi, na fomu mkobani.

Majaji wa Sauti ya Nchi ni watatu, nao huketi kwenye viti vikubwa vyekundu wakiwapa waimbaji mgongo. Mpango ulikuwa kwamba jaji akivutiwa na sauti, abonyeze kitufe, kiti kigeuke amwone mwenye sauti. Lakini viti vilifika vimepata kutu baharini, havikugeuka hata siku moja, na kwa kuwa Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyevizindua, hakuna aliyeweza kusema vimeharibika. Kwa hiyo majaji wamekaa mwaka wa tatu sasa wakitazama ukuta. Mkubwa wao, Brigedia mstaafu, huutazama kwa makini sana, na wiki iliyopita alimsifu mshiriki mmoja kwamba amebanduka kidogo kwenye kona lakini kwa jumla bado ana rangi nzuri.

Mshindi wa kila wiki hutangazwa mwanzoni mwa kipindi, ili kuwapunguzia wananchi wasiwasi, na baada ya hapo upigaji kura hufunguliwa. Makwega alimuuliza mtangazaji kama hiyo haileti shida.

“Ingeleta shida kama watu wangempigia mwingine,” mtangazaji akajibu. “Lakini wameshaambiwa aliyeshinda, mzee. Wananchi wetu si wakorofi.”

Makwega akaandika pembeni. Kisha akaingia kijana mwenye mabega mapana, viatu vyake bado vina udongo mwekundu, akasimama mbele ya migongo mitatu. Huyo ndiye Lukasi. Aliimba wimbo wa watu wanaokanyaga udongo, ambao Makwega aliujua tangu utotoni na hakuwahi kuufikiria kuwa kitu. Ulikuwa wimbo wa kufanyia kazi tu. Lakini Lukasi aliuanza chini, taratibu, kama mtu anayeongea peke yake, na ulipopanda Makwega aligundua kwamba kalamu yake imesimama na macho yake yamelowa. Alimpenda kijana yule. Alimpenda na akamchukia kwa wakati mmoja, kwa sababu kazi ingekuwa rahisi sana kama angekuwa na sauti mbaya.

Lukasi alipomaliza, Brigedia aliushukuru ukuta.

Jumatano ikawa zamu ya Koo la Dhahabu. Huku majaji wanawatazama waimbaji uso kwa uso, jambo ambalo waandaaji walilitaja mara nyingi. Hata hivyo, ili wasipendelee, kila jaji huvaa vizibo vikubwa masikioni vinavyopiga nyimbo za gwaride kwa sauti ya juu muda wote wa shindano. Hivyo huhukumu kwa kuangalia mavazi na kiasi cha mdomo kilichofunguliwa. Jaji mmoja, Madamu Kezia, hulia machozi kila mshiriki anapomaliza, na ndani ya mkoba wake mna kitunguu kilichokatwa nusu, nacho hubadilishwa kila wiki na kamati.

Kura za Koo la Dhahabu huletwa na wakuu wa wilaya ndani ya magunia. Wilaya moja ilileta kura nyingi kuliko watu wake, na mkuu wa wilaya alipoulizwa akaeleza kwamba huko kwake hata ng'ombe waliguswa.

Makwega aliandika yote hayo kwa uaminifu. Kisha Mwajabu akapanda jukwaani. Alivaa gauni alilolishona mwenyewe, la rangi ya maboga, na alipomwona baba yake amekaa mstari wa nyuma akatazama pembeni haraka. Makwega alikuwa amemsikia binti yake akiimba maisha yote, lakini siku zote ilikuwa nyuma ya cherehani, au jikoni, vipande vipande, na yeye akiwa na gazeti. Hakuwahi kumsikia akiufikisha wimbo mwisho. Ulikuwa wimbo wa mama anayembembeleza mtoto ambaye hataki kulala. Alipofika pale ambapo mama mwenyewe anachoka, sauti ya Mwajabu ilishuka, ikawa karibu ipotee, na mafundi wa taa waliacha kazi wakageuka. Majaji wanne walikuwa wakitikisa vichwa kwa mwendo wa gwaride.

Makwega aliona fahari. Akaona pia hofu, maana sasa alijua hasa ni kitu gani angekizima.

*

Alhamisi alijifungia ofisini. Aliandika Koo la Dhahabu kulia, akamkumbuka Lukasi, akaichana fomu. Akachukua nyingine, akaandika Sauti ya Nchi kulia, na hiyo hakuimaliza hata kuijaza. Kufika saa sita mchana alikuwa amechana fomu tisa, na mtunza ghala akagoma kumpa ya kumi na moja.

Fomu ya kumi ndiyo iliyompa wazo, labda kwa sababu ilikuwa ya mwisho. Safu zote mbili, aliona, zinaweza kujazwa maneno yale yale. Akachukua rula na kalamu ya wino mweusi. Kwenye kipengele cha majaji aliandika, kushoto na kulia: “Hawana upendeleo.” Ilikuwa kweli, hawa hawaoni, wale hawasikii. Kwenye kipengele cha kura aliandika pande zote: “Mwitikio ni mkubwa kupita kiasi.” Kwenye nidhamu, uzalendo, mwangaza na usafi wa vyoo aliandika pande zote: “Vizuri.” Jumla ya alama, kushoto sabini na tatu, kulia sabini na tatu. Tangu uhuru haijawahi kutokea. Pasipo wa chini, aliwaza, hapana wa kunyamazishwa. Umeme wataugawana kwa zamu, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Arobaini wote wataimba.

Kilibaki kisanduku kimoja kidogo chini kabisa ya karatasi, kimeandikwa: Tofauti Iliyobainika. Kanuni zinakataza kukiacha kitupu. Kwa miaka thelathini na mmoja Makwega alikuwa amekijaza chochote tu, “hali ya hewa” au “rangi ya majalada”, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukisoma. Wote huishia kwenye safu ya kulia. Lakini siku hiyo alitaka karatasi nzima iwe ya kweli. Alifikiri kwa muda mrefu. Mashindano haya yana kumbi za kupanga zinazofanana, zulia lile lile, matangazo ya sabuni ile ile, hotuba zile zile. Mwishowe akapata neno moja lililokuwa kweli na lisilomuumiza mtu, akaliandika kwa mwandiko wake bora:

“Waimbaji.”

Mkurugenzi Nguluma aliisoma kesho yake akiwa amesimama. Alipofika kwenye jumla akaketi, akaisoma tena, kisha akamshika Makwega mikono yote miwili.

“Sawa kwa sawa! Mzee, umetuokoa. Hakuna atakayekasirika, si Baba si Mama. Miaka yote hii ulikuwa umejificha wapi?”

Makwega alirudi nyumbani kwa miguu ile Ijumaa, na njiani alinunua nanasi. Mkewe alipouliza ameandika nini, alimwambia, na Mama Mwajabu, ambaye si mtu wa kusifu, akamwekea kiti kivulini. Mwajabu aliimba jioni yote akishona sare za shule, na baba yake hakufungua gazeti.

*

Waziri wa Sauti na Utulivu alilihutubia taifa Jumapili mchana. Alivaa suti nyeupe. Nyuma yake, kwenye kochi moja, walikuwa wameketi Mheshimiwa na Mama Mkuu, wameshikana mikono, na wachunguzi wa mambo walisema picha hiyo haijaonekana tangu mashindano yaanze.

“Ndugu wananchi,” akasema Waziri, “sayansi imezungumza. Sayansi haina mjomba. Kwa miezi mingi maadui wa maendeleo wamekuwa wakitaka kutuaminisha kwamba Sauti ya Nchi ni bora kuliko Koo la Dhahabu, na maadui wengine, wabaya vile vile, wamekuwa wakisema kinyume chake. Leo ripoti hii, iliyoandikwa na mtumishi hodari, mnyenyekevu, mwenye miwani, imethibitisha kwamba mashindano haya mawili yako sawa kwa kila kipengele. Sabini na tatu kwa sabini na tatu!”

Ukumbi ukapiga makofi. Makwega, kwenye sebule yake, akamtazama mkewe, na mkewe akatabasamu.

“Lakini tukajiuliza,” Waziri akaendelea, na akainua kidole. “Kama yako sawa, huu ugomvi umetoka wapi? Nani amezigawa nyumba zetu? Nani amekula umeme wetu? Ndugu wananchi, kwa mara ya kwanza tangu uhuru tuliisoma fomu mpaka chini. Na hapo chini mtaalamu wetu amekiweka bayana, kwa neno moja, kitu pekee kinachoyatofautisha mashindano haya na kuleta mfarakano katika taifa.” Akavaa miwani, akasoma: “Waimbaji.”

Makwega alisimama. Hakujua amesimama kwa nini, maana hapakuwa na mahali pa kwenda.

Waziri alieleza mengine kwa ufupi. Waimbaji wote arobaini wamepewa likizo ya koo ya miaka kumi, kwa shukrani. Mashindano yote mawili yataendelea bila wao, ndani ya ukumbi mmoja, saa ile ile, na kwa kuwa vipaza sauti havitahitaji kuwashwa, umeme utatosha na kubaki. Majaji wataendelea na kazi bila mabadiliko yoyote, kwa sababu imeonekana hayahitajiki. Ndugu Makwega Sefu amepandishwa kuwa Daraja la Kwanza.

*

Jumatano walikuja maafisa wawili nyumbani, mwanamke na mwanamume, watu wapole, wamevua viatu mlangoni. Waliomba kumwona Mwajabu. Mwanamke akamwambia afungue kinywa, akammulika kooni kwa tochi, akasema koo ni zuri sana na litapumzika vizuri. Mwanamume akampa kadi ya likizo, ina picha na muhuri, akamwonyesha pa kutia sahihi. Mwajabu akatia. Wakampongeza Makwega kwa cheo kipya, wakanywa chai, wakaenda.

Makwega alitaka kusema naye siku ile, na Alhamisi, na Ijumaa. Kila alipoanza, cherehani ililia.

Jumamosi saa kumi mashindano mapya yakarushwa. Hakuna aliyelazimishwa kuangalia, ila balozi alipita na daftari. Mtangazaji aliita jina la ukumbi, taa zikawaka, na mwanga mweupe ukaangukia katikati ya jukwaa, pasipo mtu. Majaji saba walikuwa wamepangwa mstari mmoja, watatu wanatazama ukuta, wanne na vizibo masikioni. Dakika tatu zikapita. Kisha Madamu Kezia akaanza kulia. Brigedia akasema hajawahi kusikia kitu kilichopangika namna hiyo. Watazamaji ukumbini wakasimama wote, wakashangilia, na baadhi yao, ilionekana wazi, hawakuwa wanaigiza. Walikuwa wametulia. Hapakuwa tena na upande wa kuchagua vibaya.

Mwajabu alikuwa kwenye mkeka, sindano mkononi, anapindia upindo wa sketi. Mama yake alikuwa amelala chumbani tangu mchana, amegeukia ukuta.

“Baba,” Mwajabu akasema bila kuinua macho. “Lukasi naye wamempa kadi?”

“Wamempa.”

“Wote arobaini?”

“Wote, mwanangu. Mimi nilitaka...” Akavua miwani. “Nilitaka muimbe wote. Nisingeweza kukuweka wewe kushoto. Ningekuwekaje kushoto?”

Mwajabu akakata uzi kwa meno.

“Ungeniweka tu,” akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja baba yake. “Ungetuangusha sisi ishirini. Ningekaa hapa na kadi yangu, leo ningekuwa namsikiliza Lukasi.”

Makwega alitazama mikono yake. Ukumbini walikuwa wameanza raundi ya pili, jukwaa lile lile, mwanga ule ule, kimya kile kile cha dakika tatu. Hakuweza kuvumilia. Akainuka, akaiendea televisheni, akanyoosha mkono aizime.

“Iache, baba,” Mwajabu akasema. “Ukizima nitatamani kuimba.”

Akaiacha.